Sikukuu siku moja, pipi wiki tatu

Ndugu wazazi na walezi, walimu wetu, mabibi na mababu mliofuatana na wajukuu, na nyinyi wanangu mliokaa mbele: hamjambo. Asanteni kwa kuja. Najua shule zinafungwa, wageni wako njiani na kila mmoja ana orodha ya mahitaji mfukoni, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo lililotukutanisha.

Mimi ni daktari wa meno, na wagonjwa wangu wengi ni watoto. Ninalotaka mwondoke nalo leo ni hili: siku ya sikukuu yenyewe haitoboi meno. Mtoto akila keki, chokoleti na pipi siku ile, akashiba, kisha usiku akapiga mswaki vizuri na kulala, meno yake yataistahimili. Kinachoyatoboa ni pipi zinazobaki nyumbani baada ya wageni kuondoka. Lile bakuli la sebuleni. Ule mfuko ulio juu ya kabati, ambao kila anayepita anaingiza mkono na kutoa moja: moja asubuhi, moja mchana, moja wakati wa kutazama televisheni, moja ya kumnyamazisha anayelia. Sikukuu ni siku moja, lakini pipi zake hukaa nasi wiki mbili au tatu, na wiki hizo ndizo zinazoniletea wagonjwa.

Ili nieleweke, niruhusuni nieleze kinachotokea ndani ya kinywa. Kesho asubuhi, kabla hujapiga mswaki, pitisha ukucha taratibu juu ya jino lako, pale linapokutana na ufizi. Ukucha utatoka na kitu cheupe, laini, kinachonata. Wengi hudhani ni mabaki ya chakula cha jana. Huo ni ukoga, na sehemu yake kubwa ni bakteria walio hai, mamilioni kwa mamilioni, waliojishikiza kwenye jino na kujijengea utando wa kuwalinda. Anayejulikana zaidi miongoni mwao kwa kuozesha meno anaitwa Streptococcus mutans. Alielezwa kwa mara ya kwanza na J. Kilian Clarke nchini Uingereza mwaka 1924. Hakuna mdudu anayelitafuna jino kutoka ndani, ingawa bado nawasikia wagonjwa wakisema hivyo mara kwa mara. Bakteria hawa hawatafuni chochote. Wanakula sukari tunayokula sisi, na katika kuila wanatoa tindikali. Tindikali hiyo ndiyo inayoyeyusha jino.

Gamba la nje la jino, yaani enameli, ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, mfupa ukiwemo. Lakini limejengwa kwa madini ya kalsiamu na fosfeti, na madini hayo hayawezani na tindikali. Ukali wa tindikali hupimwa kwa kipimo cha pH: maji safi ni 7, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi kuwa kali. Ukoga ukishuka chini ya takriban 5.5, enameli inaanza kupoteza madini yake. Katika miaka ya 1940, mtafiti wa Marekani aitwaye Robert Stephan aliupima ukoga kwenye meno ya watu baada ya kusukutua maji yenye sukari. Dakika chache tu zilitosha kipimo kuporomoka. Kupanda tena hadi pale kilipokuwa kulichukua nusu saa, na kwa wengine saa nzima. Mchoro wa mporomoko ule bado unafundishwa katika vyuo vya udaktari wa meno, na natamani kila mzazi aujue, kwa sababu unagusa swali ninaloulizwa kila ninapokwenda: daktari, mtoto ale pipi ngapi kwa siku?

Wazazi wangu, ulizeni kwanza ale mara ngapi.

Mate tuliyojaliwa ni dawa. Yanapunguza makali ya tindikali, yanaisukuma sukari itoke kinywani, na yana kalsiamu na fosfeti za kurudisha kwenye jino madini yaliyotoka. Kila ukila kitu kitamu jino linakopa, na kila kinywa kikipumzika mate yanalilipia. Deni la nusu saa hulipika bila shida. Lakini anayekopa tena kabla hajalipa la kwanza, akakopa tena na tena, mnajua anakoishia.

Tupige hesabu pamoja. Watoto wawili, kila mmoja ana pipi nane. Wa kwanza anazila zote baada ya chakula cha mchana, anakunywa maji, basi. Kinywa chake kimekuwa na tindikali kwa saa moja, tuseme saa moja na zaidi kidogo. Wa pili anakula moja saa tatu asubuhi, nyingine saa nne, nyingine saa tano, hivyo hivyo mpaka saa kumi alasiri. Pipi ni nane zilezile, sukari ni ileile. Ila huyu wa pili kinywa chake kimeshinda kwenye tindikali karibu kutwa, na kila mate yalipoanza kulitengeneza jino, pipi nyingine ilikuwa imeshaingia. Sasa fikirini tunavyowasema watoto hawa nyumbani. Wa kwanza tunamwita mlafi. Wa pili tunamsifu kwamba ana kiasi, anajua kula kidogo kidogo. Meno yao yatasema kinyume.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana kwa njia ambayo haifai kusimuliwa kwa majivuno. Kuanzia mwaka 1945, katika hospitali ya Vipeholm mjini Lund, Sweden, watu wenye ulemavu wa akili waliokuwa wakiishi pale walitumiwa katika utafiti wa kuoza kwa meno. Baadhi ya makundi yalipewa sukari ndani ya milo yao tu. Mengine yalipewa vitamu vinavyonata kati ya mlo na mlo, na kundi moja lilitengewa tofi 24 kwa siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Waliokula sukari pamoja na mlo meno yao yaliongezeka kuoza kidogo tu. Waliokula tofi katikati ya milo meno yao yaliharibika vibaya sana. Watu wale hawakuwa na uwezo wa kukubali wala kukataa. Walidhulumiwa, na siwezi kuutaja utafiti ule bila kulisema hilo mbele yenu. Baadaye wazazi wa Sweden walishauriwa kuwapa watoto pipi siku moja tu kwa wiki, Jumamosi, zote kwa mpigo, na familia nyingi za huko zinafuata utaratibu huo hadi leo. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kula kwa pamoja ni afadhali kuliko kudokoa, ujue kuna watu walioumia ndipo tukalijua.

Sisemi kwamba wingi hauna neno. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia sukari iliadimika katika nchi nyingi. Norway na Japani ni miongoni mwa nchi ambako kuoza kwa meno ya watoto kulipungua katika kipindi hicho, kisha sukari iliporudi madukani, meno mabovu nayo yakarudi. Wako pia watu wachache ambao huzaliwa na hitilafu ya mwili inayowafanya waugue wakila sukari ya matunda au sukari ya kawaida, kwa hiyo huiepuka maisha yao yote. Ukiwakagua kinywani, wengi wao hawana jino hata moja lililotoboka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linasema sukari inayoongezwa kwenye vyakula, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vidogo. Chupa moja ya soda inaweza kuvimaliza vyote na kupitiliza. Mwaka 2022 shirika hilohilo lilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 2 duniani wana meno ya ukubwani yaliyooza, na watoto milioni 514 wana meno ya utoto yaliyooza. Maradhi haya yamezoeleka mno hata tumeacha kuyaita maradhi.

Sasa pipi zenyewe, maana hazilingani.

Mbaya kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile inayokaa kinywani muda mrefu: pipi ngumu ya kumung'unya na pipi ya kijiti. Mtoto anaihamisha shavu hili, anaihamisha shavu lile, anaitoa kuiangalia imebaki kiasi gani, anairudisha. Wakati wote huo sukari inatiririka juu ya meno, na ile saa ya kupona haianzi kuhesabiwa mpaka pipi iishe. Halafu akichoka kuimung'unya anaivunja kwa gego, na nimeziona ncha za magego zilizovunjika hivyo, za watoto na za watu wazima. Kwa mtoto aliye chini ya miaka minne kuna hatari kubwa kuliko ile ya meno. Pipi ngumu ya mviringo inaweza kumkaba koo. Asipewe kabisa, hata kama mgeni atanuna.

Tofi na karameli zinanata, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana ni kwamba vitu tunavyovihisi vinanata sivyo vinavyodumu zaidi kwenye meno. Watafiti waliwahi kupima mabaki ya vyakula mbalimbali yanayobaki kwenye meno baada ya kula, wakakuta biskuti na vyakula vikavu vya wanga hukaa muda mrefu kuliko karameli, kwa sababu karameli huyeyuka na kuondoka na mate. Mpe mtoto biskuti mbili, kisha baada ya robo saa mfungue kinywa umulike magego. Utaiona rojo ya biskuti imejaa kwenye mifereji ya gego, imeshindiliwa, na ulimi hauifikii. Mate yenyewe huanza kuuvunja wanga ule kuwa sukari, papo hapo juu ya jino. Kwa hiyo kumnyima pipi ukamwachia kopo la biskuti siku nzima hujamsaidia.

Kuna pipi chachu, zile zilizopakwa unga mkali unaomfanya mtoto akunje uso. Hizi zinakuja na tindikali yake tayari. Bakteria hawana haja ya kuitengeneza. Zinaungana na soda, ambazo nyingi nazo ni kali, baadhi zikishuka hadi karibu na pH 2.5. Tindikali ya moja kwa moja hivi inalainisha uso mzima wa jino, kwa hiyo mtoto akishakula pipi chachu au kunywa soda, asikimbizwe kwenye mswaki. Asukutue kwa maji, asubiri nusu saa au zaidi, ndipo apige mswaki.

Chokoleti ya kawaida, isiyo na karameli ndani, inaondoka kinywani haraka kidogo. Ukiniuliza uchague nini, nitakuambia hiyo. Asali na matunda yaliyokaushwa watu huniletea kama mbadala wenye afya, na vina faida zake nyingine, lakini bakteria hawajui kama sukari imetoka kwa nyuki au kiwandani.

Kinywaji kina tatizo lake la pekee, nalo ni kunywa funda moja moja. Mtoto anatembea na chupa ya juisi kuanzia asubuhi, kila akicheza kidogo anarudi kwenye funda. Kila funda ni mporomoko mpya wa Stephan. Juisi au soda ikinywewa, inywewe mezani pamoja na chakula, iishe. Kati ya milo kuna maji.

Hapa niseme na mabibi na mababu, kwa heshima zote, kwa mambo mawili. La kwanza ni la wajukuu. Nawajua, mnaficha pipi. Mjukuu anakuja kusalimia, bibi anaingiza mkono chini ya mto. Ule ni upendo, na sitaki kuuzima. Ninachowaomba ni saa tu: mpeni baada ya mlo, wakati kinywa kimejaa mate na tindikali ya mlo ipo tayari, ili pipi yenu isianzishe safari mpya. Ikiwa mjukuu amekuja katikati ya milo, mwekeeni. Mtoto anajua kusubiri akishajua saa yake ipo.

La pili ni lenu wenyewe. Umri ukienda ufizi hurudi nyuma na mzizi wa jino hubaki wazi. Mzizi hauna enameli, na unaanza kuyeyuka hata kwenye tindikali ndogo ambayo enameli ingeihimili. Juu ya hapo, dawa nyingi za maradhi ya muda mrefu, kwa mfano baadhi ya dawa za shinikizo la damu, hukausha kinywa. Wengi wenu mnamung'unya peremende ili kukilowesha. Nawasihi muiache hiyo. Peremende yenye sukari katika kinywa kikavu, juu ya mizizi iliyo wazi, inaweza kuharibu meno mengi katika mwaka mmoja. Tumieni maji, au peremende zisizo na sukari, na mwambieni daktari aliyewaandikia dawa kwamba kinywa kinakauka.

Nirudi kwa watoto, nizungumzie usiku, maana usiku ndiko ninakouona uzembe wetu mkubwa, na usiku wa sikukuu kuliko mwingine wowote. Tukilala mate hupungua sana, yanakaribia kukauka. Sukari iliyoingia kinywani saa tatu usiku, mtoto akasinzia kwenye kochi, akabebwa akatupwa kitandani na nguo za sikukuu, inakaa pale. Ile nusu saa ya kupona haipo, kwa sababu mponyaji amelala. Na mtoto mdogo anayelala na chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari au ya juisi mdomoni, meno yake ya mbele ya juu huoza yote kwa pamoja, kabla hajafikisha miaka mitatu. Nimeyaona mengi: vigutu vya kahawia vimebaki kwenye ufizi wa mtoto ambaye bado hajajua kutamka neno “jino”. Ukichagua kanuni moja tu ya kusimamia wakati wa sikukuu, simamia hii: baada ya mswaki wa usiku, hakuna kinachoingia kinywani isipokuwa maji. Hata kama ni saa sita za usiku na wageni bado wanacheka barazani, mwamshe apige mswaki. Atalia. Mpigie wewe, akiwa amekuegemea nusu usingizini.

Kuhusu mswaki sitakaa sana, mmesikia mengi. Mara mbili kwa siku, dawa yenye floraidi. Floraidi huisaidia enameli kurudisha madini na kulifanya jino liwe sugu zaidi kwa tindikali. Angalieni kwenye kasha: kiwango kiwe kati ya 1,000 na 1,500 kwa kipimo cha ppm. Chini ya miaka mitatu, dawa kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Mtoto ateme, na asisukutue kwa maji mengi baada ya hapo, kwa sababu anaiosha dawa kabla haijafanya kazi. Na mpaka afike kama miaka saba au minane mkono wa mtu mzima lazima uwepo. Mtoto wa miaka mitano anayejipigia mswaki mwenyewe anasafisha meno ya mbele yanayoonekana kwenye kioo, basi.

Nina neno kwa wale wanaosema, “Ni meno ya utoto tu, si yatang'oka?” Gego la mwisho la utoto hung'oka mtoto akiwa na miaka kumi, kumi na moja, hata kumi na miwili. Likioza ana miaka minne, ana miaka sita au saba ya kuishi nalo, na enameli yake ni nyembamba, kwa hiyo kutoka kitobo kidogo hadi kwenye mshipa wa fahamu ni safari fupi. Mtoto mwenye jino bovu halali, hali vizuri, na darasani hasikilizi. Mara nyingi hatakuambia anaumwa. Utaona anatafuna upande mmoja, ameacha chakula kigumu, anashtuka akinywa maji baridi. Likipata usaha, usaha huo unaweza kuliharibu jino la ukubwani linalokua chini yake. Na likang'olewa mapema, majirani yake husogea na kuziba nafasi, jino jipya likakosa pa kutokea.

Kisha kuna jino moja ambalo natamani kila mzazi hapa alijue kama anavyoujua uso wa mwanawe. Mtoto akikaribia miaka sita, nyuma kabisa ya magego yake ya utoto, panachomoza gego kubwa. Halitanguliwi na jino la kung'oka. Hakuna pengo, hakuna kutikisika, hakuna sherehe. Linajitokeza kimya kimya na mzazi anadhani ni la utoto kama mengine. Ni gego la kwanza la ukubwani, na linatakiwa kudumu maisha yote. Likiwa linatoka, uso wake una mifereji mirefu myembamba, mingine myembamba kuliko unywele wa mswaki, na kwa miezi mingi liko chini ya kimo cha wenzake, mswaki unapita juu bila kuligusa. Hapo ndipo rojo ya biskuti na tofi hukaa. Mpigie mswaki kwa kuuingiza kutoka upande wa shavu, ukiuelekeza kwenye gego hilo pekee. Na muulize daktari wako kuhusu kuliziba mifereji kwa gundi maalumu ya kinga. Haiumi, hakuna kuchimba, na inafanywa kwa muda mfupi.

Sasa mfuko wa pipi tuufanye nini? Ushauri wangu ni huu, na nimeona unafanya kazi katika nyumba nyingi. Siku ya sikukuu waachieni wale, baada ya milo. Kesho yake kaeni na watoto mezani, mwage mfuko wote, kila mtoto achague anazozipenda kwa dhati. Mtashangaa, karibu nusu ya pipi watoto hawazipendi hata kidogo. Wanazila kwa sababu zipo. Hizo zitoke nyumbani siku hiyohiyo. Zilizochaguliwa ziwekwe mahali pasipoonekana, na ziwe na saa yake: baada ya chakula cha mchana, kwa siku mtakazokubaliana. Bakuli la sebuleni liondoke. Bakuli likionekana, mkono utalifuata, na mkono wa mzazi utakuwa wa kwanza. Baada ya pipi, maji ya kunywa, au kipande cha jibini ikiwa mnacho, maana jibini huleta mate na kupunguza tindikali. Kwa watoto wakubwa na watu wazima, chingamu isiyo na sukari kwa dakika ishirini baada ya kula inasaidia kuyaita mate. Zile zilizotiwa zailitoli, kitamu kinachotumika badala ya sukari, zina faida ya ziada, kwa kuwa bakteria wanashindwa kuigeuza kuwa tindikali. Ila mwenye mbwa nyumbani azifungie mbali, zailitoli ni sumu kwa mbwa.

Na jino likimuuma mtoto katikati ya sikukuu, kliniki zimefungwa? Msafishe kwa mswaki na uzi wa meno, huenda kuna kitu kimekwama. Mpe dawa ya maumivu ya watoto kwa kipimo cha uzito wake kama kilivyoandikwa. Usimpe aspirini, na usikiweke kidonge chake juu ya ufizi. Kinaunguza nyama ya kinywa. Lakini shavu likivimba, au akapata homa, au akashindwa kumeza au kufungua mdomo, usisubiri sikukuu iishe. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usiku uwe usiku. Usaha wa jino unaweza kuteremka shingoni na kuziba njia ya hewa, na hapo dakika zina thamani.

Nimalize kwa kuwaonyesha kazi ya kufanya leo jioni. Mlaze mtoto kichwa mapajani pako, mwanga uwe mzuri. Inua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Futa meno ya mbele kwa kitambaa safi mpaka yakauke, halafu angalia pembeni mwa ufizi. Ukiona mstari mweupe kama chaki, usiong'aa kama sehemu nyingine ya jino, hapo enameli imeanza kupoteza madini. Bado haijatoboka. Mstari ule unaweza kurudi nyuma kwa floraidi, mswaki na kuacha kudokoa, bila sindano na bila kuchimba. Ukiona kahawia au shimo, njoo kabla ya sikukuu, usiache mpaka baada.

Nimekuja na tochi na vioo vya kutosha, na wenzangu wawili wako pale mlangoni. Wazazi wenye watoto wa miaka mitano hadi saba waanze kupanga mstari upande huu wa kulia, tuliangalie lile gego la nyuma pamoja, mlione kwa macho yenu. Wengine watafuata. Hakuna atakayeng'olewa jino leo, wanangu, msiogope. Fungueni tu midomo.